Kosa lilelile, adhabu tofauti: je, waamuzi wa langalanga wanapendelea?

*"Nafuatilia mbio za langalanga (Formula 1) tangu 2021 na kila msimu nazidi kuchanganyikiwa. Austin mwaka 2024 Norris aliadhibiwa kwa kumpita Verstappen nje ya mstari, ilhali Verstappen mwenyewe alikuwa nje. Wiki iliyofuata, Mexico, Verstappen akapigwa sekunde 20 kwa kitu ambacho kwangu kilikuwa kilekile. Mwaka 2025 Piastri aliadhibiwa Silverstone kwa kufunga breki nyuma ya gari la usalama. Russell alilalamikiwa kwa jambo hilohilo Kanada na hakuguswa. Je, kuna madereva wanaolindwa? Nauliza pia kwa sababu mdogo wangu, ana miaka 13, anashindana kwenye karti, vile vigari vidogo vya mbio. Juzi waligongana na mwenzake, yeye akaongezewa sekunde 5 na mwenzake hakuongezewa kitu. Amekata tamaa kabisa. Nimwambie nini, na je, tukate rufaa?"*

Ndugu msomaji,

Nimefurahi kwamba umetaja matukio yenyewe badala ya kusema tu kwamba waamuzi hawafai. Hapo ndipo mazungumzo ya maana yanapoanzia. Unachouliza, kwa ufupi, ni kama adhabu hutegemea jina la dereva. Katika matukio uliyoyataja mimi sioni upendeleo, na nitakueleza kwa nini. Lakini usinielewe vibaya: tatizo lipo, ni kubwa, na madereva wenyewe wanalilalamikia kila mwaka. Chanzo chake tu ndicho watazamaji wengi hukitafuta pasipo.

Kwanza tuwatenganishe watu ambao huchanganywa sana. Kuna mkurugenzi wa mbio, na kuna jopo la waamuzi. Mkurugenzi ndiye anayeendesha shughuli yote: anatoa gari la usalama, lile linaloyaongoza magari yote polepole kukiwa na hatari, anasimamisha mbio, anaamua zianze tena lini. Akiona tukio lenye shaka analipeleka kwa jopo, na kazi yake inaishia hapo. Jopo, kwa kawaida watu watatu au wanne, mmoja wao dereva wa zamani, ndilo linalochunguza na kuadhibu.

Umesema ulianza kufuatilia 2021, kwa hiyo bila shaka unaikumbuka Abu Dhabi, mbio zilizoamua ubingwa wa mwaka ule. Uamuzi wa kuyaruhusu magari matano tu yaliyozidiwa mzunguko, yale yaliyokuwa kati ya Hamilton na Verstappen, yapite, kisha kuliondoa gari la usalama mapema ili ubaki mzunguko mmoja wa kushindania, ulikuwa wa mkurugenzi, Michael Masi. Ripoti ya FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, ya Machi 2022 ilikiri kwamba kulikuwa na kosa la kibinadamu. Masi alikuwa ameshaondolewa kwenye kazi hiyo, na maneno ya kanuni yakarekebishwa ili isomeke wazi kwamba ni magari yote yaliyozidiwa mzunguko. Uamuzi ule sina namna ya kuutetea. Watu wengi waliuingia mchezo huu siku ile, na tangu hapo kila uamuzi wanautazama kwa kidonda kile. Nawaelewa. Ila ule ulikuwa ugonjwa mwingine, na dawa yake haitibu hiki unachokiuliza.

Sasa Austin na Mexico, maana hapo ndipo penye kiini. Kila kona ina mahali ambapo gari linaukaribia zaidi ukingo wa ndani kabla ya kuanza kujifungua kutoka. Tupaite kitovu cha kona. Mwongozo wa waamuzi uliokuwa ukitumika 2024 uliuliza hasa swali moja: magari mawili yalipofika kitovuni, nani alikuwa wapi? Anayejaribu kupita kwa nje, ili adai nafasi ya kutokea, lazima awe amefika pale akiwa sambamba na mwenzake au mbele yake.

Austin ilikuwa imebaki mizunguko michache tu. Norris alimfikia Verstappen kwenye sehemu ndefu iliyonyooka inayoelekea kona ya 12, akaenda nje, akatangulia kidogo kabla ya breki. Verstappen, upande wa ndani, akachelewa kufunga breki, akafika kitovuni akiwa mbele, na kwa mwendo ule hakuweza kubaki ndani ya mstari mweupe wa ukingo wa njia. Wote wawili wakatoka. Norris akarudi akiwa ametangulia na hakuirudisha nafasi. Kwa mwongozo ule kona haikuwa yake, kwa hiyo amempita mwenzake nje ya mstari, na hilo ni kosa. Lakini soma maelezo ya waamuzi: walimpa sekunde 5 badala ya 10 zilizopendekezwa, wakaandika kwamba akishaanza kupita kwa nje hakuwa na njia nyingine zaidi ya kutoka, kwa kuwa gari la mwenzake lilikuwa karibu na lenyewe limetoka pia. Yaani waliliona kabisa lile unalolilalamikia. Hawakuwa na mahali pa kuliweka ila kwenye ukubwa wa adhabu.

Mexico, siku saba baadaye, Norris alikuwa nje tena kwenye kona ya 4, ila safari hii alifika kitovuni akiwa mbele. Kona ikawa yake. Verstappen akamsukuma nje: sekunde 10. Kona chache baadaye Verstappen akajitosa ndani, akatoka nje ya mstari na kujichukulia nafasi: sekunde 10 nyingine. Kwenye runinga picha ni ileile, magari mawili nje ya mstari na vumbi. Kwa mwongozo ni kesi mbili zinazotazamana, na jina la dereva halikuhitajika kuzitofautisha.

Kwa hiyo mwongozo ulitumika sawasawa mara zote mbili. Je, ulikuwa mwongozo mzuri? Hapana. Ukimwambia dereva hodari kwamba anayefika kitovuni kwanza ndiye mwenye kona, atachelewesha breki kuliko inavyowezekana, afike kwanza, na asijali kama ataweza kupinda. Verstappen aliisoma kanuni vizuri kuliko wenzake na akaitumia. Kwa maoni yangu Norris alionewa na maandishi siku ile, hakuonewa na watu waliokaa chumbani. Ndiyo maana toleo la 2025, ambalo FIA ililitoa hadharani kila mtu alisome, linasisitiza kwamba anayepita kwa ndani awe amelidhibiti gari, asijitose, na aweze kuimaliza kona akiwa ndani ya mstari.

Ukadhani basi mambo yametulia? São Paulo, Novemba 2025, mbio zinaanza tena baada ya gari la usalama, Piastri anajipenyeza upande wa ndani wa Antonelli kwenye kona ya 1. Antonelli anafunga mlango, wanagusana, Antonelli anatupwa kwa Leclerc, na Leclerc anatoka mashindanoni. Mwongozo unamtaka anayepita kwa ndani awe na ekseli yake ya mbele angalau sambamba na kioo cha pembeni cha mwenzake, kabla ya kitovu na kitovuni. Waamuzi waliona Piastri hajafika hapo, na gurudumu lake lilikuwa limefunga, halizunguki, kwa breki. Sekunde 10. Watu wengi wanaoijua kazi hii waliona ni adhabu kali mno, Leclerc mwenyewe, aliyepoteza mbio zake, akisema lawama haikuwa ya Piastri peke yake. Tazama basi: safari hii kilio kilikuwa kwamba waamuzi wameshika maandishi kupita kiasi.

Hapa, ndugu yangu, ndipo ninapotaka utulie kidogo. Sisi watazamaji tunadai vitu viwili kwa pumzi moja. Tunataka kosa lilelile lipate adhabu ileile, na tunataka mwamuzi atumie busara kulingana na hali. Ukiongeza kimoja, kingine kinapungua. Kadiri unavyoandika mistari mingi, ndivyo tukio la kipekee linavyobanwa ndani ya kisanduku kisicholitosha. Ukiifuta hiyo mistari, uamuzi unabaki mikononi mwa waliokaa chumbani siku hiyo. FIA yenyewe inasema wazi kwamba ule ni mwongozo wa kuwasaidia waamuzi, si kanuni inayowafunga. Wamejiachia nafasi ya busara, na nafasi hiyohiyo ndiyo inayoingiza tofauti kati ya wikendi moja na nyingine.

Kuhusu Piastri na Russell, tofauti iko kwenye namba. Jopo halitegemei picha ya runinga tu. Linaona nguvu ya breki, pembe ya usukani, mwendo, mahali gari lilipo, na linasikia mazungumzo ya redio. Silverstone, gari la usalama likiwa limeshazima taa zake, Piastri aliyekuwa akiongoza alifunga breki ghafla katikati ya mstari ulionyooka, mwendo ukashuka kutoka kilomita 218 kwa saa hadi 52, na Verstappen aliyekuwa nyuma yake akalazimika kukwepa. Kanada, Red Bull, timu ya Verstappen, waliweka pingamizi dhidi ya Russell, jopo likawasikiliza baada ya mbio na kulitupa: kufunga na kuachia breki nyuma ya gari la usalama ni jambo la kawaida, kila dereva hufanya ili magurudumu na breki visipoe, na takwimu hazikuonyesha kitu cha ajabu. Waweza kubishana kama sekunde 10 zilimstahili Piastri, aliyepoteza ushindi kwa ajili yake. Mimi naona zilikuwa nyingi. Lakini kusema matendo yalikuwa sawa si sahihi.

Kuna kanuni moja zaidi inayowaudhi watu kwa sababu hawajawahi kuelezwa. Waamuzi hulenga kuadhibu kitendo, hawaadhibu matokeo yake. Silverstone 2021 Hamilton alimgusa Verstappen kwenye kona ya Copse, Verstappen akaingia ukutani kwa kishindo cha nguvu ya 51G, yaani mara 51 ya uzito wake, na kupelekwa hospitali. Hamilton alipewa sekunde 10 na akashinda mbio. Inauma kuitazama. Lakini mguso uleule ungeweza kuishia kwa gari kutoka kidogo na kurudi, na dereva hana mamlaka juu ya ukuta uko wapi. Ukianza kupima adhabu kwa ukubwa wa ajali, dereva mmoja atalipa zaidi ya mwingine kwa sababu ya bahati tu. Nakubaliana na kanuni hii, ingawa najua ni vigumu kuikubali siku mpendwa wako amelala kwenye gari la wagonjwa.

Sasa nikupe haki yako. Yapo mambo ambayo siwezi kuyafunika kwa maelezo.

Jopo hubadilika kutoka mbio hadi mbio, na wengi wa waamuzi wana kazi nyingine. Uamuzi wa mbio ni kazi ya kujitolea wanayoifanya wikendi. Wana kumbukumbu ya kesi zilizopita na wanasaidiwa na kituo cha mbali kilichoko Geneva, lakini kusoma kesi ya mwezi uliopita si sawa na kuwa uliiamua wewe. Mtu aliyekuwa dereva hulitazama tukio kwa mikono na miguu. Mwanasheria hulitazama kwa maneno ya kifungu. Wawekee picha moja, watatoka na mizani tofauti. Nimekaa kwenye vyumba vya aina hiyo, katika ngazi za chini, na ninakuhakikishia kwamba kinachotawala mle ni saa. Tukio linaonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, kisha polepole, na polepole kila mguso huonekana wa makusudi. Wakati huo kuna matukio mengine mawili yanasubiri kwenye foleni na redio haikomi.

Chukua Mexico 2025. Kwenye mzunguko wa kwanza magari kadhaa yalikata kona za mwanzo na kupita kwenye nyasi, hakuna aliyeadhibiwa, kwa sababu mzunguko wa kwanza huangaliwa kwa upole. Mizunguko michache baadaye Hamilton alikata kona ya 4, hakufuata njia ya kurudia iliyoelekezwa, akapewa sekunde 10. Ukisoma karatasi, uamuzi dhidi ya Hamilton una mantiki yake. Ukiviweka vitu viwili kando kwa kando, huwezi kumlaumu anayeona uonevu. Upole wa mzunguko wa kwanza ulianzishwa ili watu wasiadhibiwe kwa kubanwa katikati ya msongamano. Kutumika kama njia ya mkato ya kulinda nafasi ni jambo jingine, na hapo malalamiko yako yana uzito.

Makosa ya wazi pia hutokea. Zandvoort 2025, Carlos Sainz aligongana na Liam Lawson akapewa sekunde 10 na pointi 2 za adhabu kwenye leseni. Williams, timu ya Sainz, waliomba mapitio, wakaleta picha za kamera ambazo waamuzi hawakuwa nazo wakati wa mbio, na jopo likakubali kwamba lilikuwa tukio la kawaida la mashindano. Pointi zilifutwa. Sekunde hazikurudi, kwa kuwa alikuwa ameshazitumikia. Lakini njia ipo, japo ni nyembamba: ushahidi lazima uwe mpya, wa maana, unaohusu kesi, na usiwe ulipatikana wakati wa uamuzi. "Hatukubaliani nanyi" haitoshi.

Na wale wanaolindwa? Juni 1, 2025, mbio za Hispania, Verstappen, bingwa mara nne, alimgonga Russell. Alipewa sekunde 10 zilizomshusha hadi nafasi ya kumi na pointi 3 zilizomfikisha 11, akabakiza moja tu afungiwe mbio nzima, maana ukomo ni 12 ndani ya miezi 12. Mfumo unaowalinda wakubwa haumfikishi bingwa ukingoni namna ile.

Dawa ninayoiamini ni ya aina mbili. Ya kwanza ni jopo la kudumu, watu walewale, wanaolipwa, msimu mzima. Russell, ambaye ni mmoja wa wakurugenzi wa chama cha madereva, amelisema hadharani, na naungana naye. Watakosea, lakini watakosea kwa namna moja, na dereva ataweza kujua mapema mpaka uko wapi.

Ya pili inazungumzwa kidogo kuliko inavyostahili: kuiacha njia yenyewe ihukumu. Austria 2023, mbio zilipokwisha kulikuwa na zaidi ya matukio 1,200 ya magari yanayoshukiwa kuvuka mstari mweupe. Matokeo yalitangazwa, timu ya Aston Martin ikaweka pingamizi, na saa kadhaa baadaye madereva wanane wakaongezewa adhabu. Mwaka uliofuata wenye kiwanja walimwaga ukanda wa kokoto nje ya kona mbili za mwisho. Aliyetoka alipoteza muda palepale, mbele ya macho ya wote. Kwenye kona hizo ubishi ukapungua sana. Kokoto hazihitaji jopo wala picha ya polepole. Kila mahali ambapo kona inaweza kutengenezwa hivyo bila kuhatarisha waendesha pikipiki wanaotumia kiwanja hichohicho, ningependa itengenezwe.

Tuje kwa mdogo wako. Kabla ya rufaa, tafuta karatasi ya uamuzi. Nasema hivyo kwa sababu sekunde 5 ni namba inayonitia shaka. Katika karti za kiwango cha FIA, na mashindano mengi yanayofuata mfano huo, bampa ya mbele hufungwa kwa namna ambayo ikisukuma kwa nguvu inarudi nyuma kutoka mahali pake. Ukimaliza mbio bampa ikiwa imeshuka, unaongezewa muda, mara nyingi sekunde 5, bila mtu kuuliza nani alianza. Inawezekana kabisa hakuna aliyeamua kwamba mdogo wako ndiye mwenye kosa. Bampa yake ilishuka na ya mwenzake haikushuka. Kama ndivyo, mwambie hivyo, na umwonyeshe bampa yenyewe. Mtoto anayedhani ameonewa na watu wazima hubeba mzigo tofauti na yule anayejua kifaa kilivyofanya kazi.

Kama karatasi inasema aliadhibiwa kwa kusababisha ajali, hapo rufaa inaweza kuwa na maana, ila muda ni mfupi sana. Chini ya kanuni za kimataifa, pingamizi dhidi ya matokeo huwekwa ndani ya dakika 30 baada ya kubandikwa, na nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya saa moja baada ya uamuzi. Kuna ada, na adhabu nyingi za muda hazikatiwi rufaa kabisa. Mashindano yenu yana kanuni zake, kwa hiyo zisome kabla ya mbio zijazo, si baada. Kwa tukio lililopita, muda pengine umeshapita. Na hoja kwamba mwenzake aliachiwa haitawasaidia. Hakuna jopo litakalomfutia mtu adhabu kwa sababu mwingine aliponyoka.

Yapo mambo yasiyongoja barua. Kama baada ya mgongano ule alilalamika kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, mpeleke kwa daktari kwanza, hata kama anasema yuko sawa, na asirudi kwenye karti hadi daktari aruhusu. Kama mwamuzi ana undugu au biashara na familia ya mshindani, andikeni kwa chama cha taifa cha mchezo huu, kwa utulivu na kwa ushahidi. Na kama ameanza kuogopa kukaribia magari mengine, tafuta mwalimu wa karti akae naye uwanjani. Hofu hiyo haitibiwi kwa maneno ya mezani.

Vinginevyo, nendeni pamoja kwa mwenyekiti wa waamuzi siku ya mazoezi, asubuhi, kabla kazi haijamzidi. Mwombe dakika kumi na video ya tukio. Wewe kaa kimya, mwache mdogo wako aulize mwenyewe: mlitazama nini, na gari langu lilipaswa kuwa wapi ili kona iwe yangu? Waamuzi wengi niliowafahamu hufurahi kuulizwa hivyo na mtoto, na wengi watachukua kalamu wamchoree.